Kuchagua Kadi ya Kwanza ya Pointi za Safari Ukiwa Marekani

Kwa aliyehamia Marekani kutoka Afrika Mashariki au Kongo, nauli ndiyo inayoahirisha safari ya nyumbani mwaka hadi mwaka. Familia ya watu wanne inayotaka kutoka Minneapolis au Dallas kwenda Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura mwezi wa Desemba inakabiliwa na bei ambayo wengi wetu hatuwezi kuitoa kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu husisimka anaposikia kwamba jirani yake amesafiri kwa pointi za kadi ya mkopo na kulipa kodi za viwanja vya ndege tu. Habari hiyo ni ya kweli, na si lazima uwe tajiri ili nawe uweze. Tatizo ni kwamba wengi huanzia mwisho: huchukua kadi ambayo fomu yake waligawiwa wakiwa ndani ya ndege, kisha baada ya mwaka ndipo wanauliza pointi zake zinafika wapi. Mwongozo huu unaanza na safari yenyewe, na kadi inachaguliwa kwa kufuata safari hiyo.

Riba kwanza

Lakini kabla ya safari kuna jambo moja ambalo lisipoeleweka, yote yatakayofuata hayana maana. Kadi ya mkopo ni mkopo. Benki inakulipia dukani leo, kisha mara moja kwa mwezi inafunga hesabu na kukuletea stetimenti yenye jumla ya deni, kiasi cha chini kabisa unachoruhusiwa kulipa, na tarehe ya mwisho ya kulipa, ambayo kwa sheria ya mwaka 2009 inayowalinda wenye kadi inapaswa kuwa angalau siku 21 baada ya stetimenti kutumwa. Ukilipa jumla yote kabla ya tarehe hiyo, manunuzi yako hayatozwi riba hata senti moja. Ukilipa kile kiasi cha chini tu, hutahesabiwa kuwa umechelewa, lakini deni lililobaki linaendelea kuzaa riba kila siku, na hata vitu utakavyonunua mwezi unaofuata vitatozwa riba tangu siku ya kununuliwa, kwa kuwa ile nafuu ya kusubiri umekwisha kuipoteza.

Riba ya kadi za safari kwa kawaida huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Tuseme umenunua vitu vya dola 1,500 kwa kadi inayotoa pointi 2 kwa kila dola. Umepata pointi 3,000, zenye thamani ya dola 30 hivi, au 45 ukizitumia vizuri sana. Ukiliacha deni hilo likae mwezi mmoja kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, utatozwa karibu dola 30. Mwezi mmoja tu umekula kila ulichopata, na mwezi wa pili unaanza kuigharamia benki. Kwa hiyo mtu mwenye deni la kadi ambalo halimalizi kila mwezi asitafute kadi ya pointi kwa sasa. Kwake kadi inayofaa ni ile yenye riba ndogo kuliko zote, na nguvu zake zote ziende katika kulimaliza deni.

Wasomaji Waislamu wana swali la ziada, nalo ni zito. Wapo wanaoona kwamba anayelipa deni lote kwa wakati hajala wala kulisha riba, na wapo wanaoona kwamba kule kutia saini mkataba wenye sharti la riba ndiko kwenye tatizo. Hilo si la kuamuliwa na mwandishi wa masuala ya fedha. Muulize sheikh unayemwamini kabla ya kujaza fomu, na umweleze kwa ukamilifu jinsi mkataba wenyewe ulivyo.

Nieleze pia kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu naamini linawangoja wengi wetu. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwa na kadi, mama alihitaji fedha za mabati kabla ya masika. Nikaingia katika programu ya kutuma pesa, nikaweka nambari ya kadi ya mkopo badala ya akaunti ya benki, nikafurahi kwamba nimemsaidia mama na wakati huohuo nimepata pointi. Stetimenti ilipokuja, ile dola 400 haikuwa katika orodha ya manunuzi. Ilikuwa imeandikwa kwenye mstari wake peke yake kama fedha taslimu zilizochukuliwa kwa mkopo, ikiwa na ada juu yake, na riba kubwa zaidi iliyoanza kuhesabiwa siku ileile niliyobonyeza kitufe. Pointi hazikuwepo hata moja. Benki nyingi huhesabu malipo ya kutuma pesa kwa namna hiyo, na fedha taslimu za mkopo hazina siku za nafuu. Kumtumia mzazi fedha kwenye simu ni jambo tunalolifanya kila mwezi. Lifanye kwa akaunti ya benki au kadi ya kawaida ya akaunti yako, kamwe si kwa kadi ya mkopo.

Historia yako ya mkopo

Anayetoka Kenya analijua jina la CRB, kampuni inayotunza taarifa za wakopaji, kama mahali unapopelekwa ukishindwa kulipa mkopo wa simu. Hapa Marekani kampuni za namna hiyo ni tatu, Equifax, Experian na TransUnion (hii ya mwisho ipo hata Nairobi), lakini kazi yake ni pana zaidi: zinaandika mazuri yako pamoja na mabaya. Mtu ambaye hajawahi kukopa chochote hahesabiwi kuwa mwaminifu. Anahesabiwa kuwa hajulikani, na benki hazipendi kumkopesha mtu asiyejulikana. Wengi wetu tuliolelewa kuogopa deni tunafika hapa na sifa njema isiyoonekana popote.

Alama za FICO, ambazo ndizo zinazotumika zaidi kupima uaminifu wa mkopaji kutokana na taarifa hizo, zinaanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama hizo inatokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 inatokana na madeni uliyonayo, hasa kiasi unachotumia ukilinganisha na kikomo cha kadi zako. Yaliyobaki ni umri wa akaunti zako, maombi mapya, na aina za mikopo uliyonayo. Kadi nzuri za safari kwa kawaida zinamhitaji mtu mwenye alama za 700 hivi au zaidi, na angalau mwaka mmoja wa historia safi. Ukiwa na 670 unaweza kukubaliwa au kukataliwa, kutegemea kipato na mambo mengine.

Aliyefika karibuni aanze na kadi ya dhamana, ambapo unaweka amana, mara nyingi dola 200, na kikomo chako kinakuwa kiasi hichohicho. Discover na Capital One zote zina kadi za namna hii zisizo na ada ya mwaka. Nunua mafuta ya gari au vocha ya simu, lipa yote, na baada ya miezi 6 utaanza kuwa na alama za FICO. Jihadhari na jambo hili dogo: benki hupeleka taarifa kwa kampuni zile tatu karibu na siku ya kufunga stetimenti, si siku unayolipa. Mtu mwenye kikomo cha dola 200 akitumia 180, hata kama atalipa zote kwa wakati, ataonekana ametumia asilimia 90 ya mkopo wake na alama zitashuka. Lipa sehemu kubwa siku chache kabla stetimenti haijafungwa, ibaki dola 10 au 20 tu. Mwenye mume, mke au ndugu mwenye kadi ya muda mrefu anaweza pia kuongezwa humo kama mtumiaji wa ziada, na mara nyingi historia ile itaonekana kwake vilevile. Lakini mwenye kadi ndiye anayedaiwa kila kitu, kwa hiyo hilo liwe kati ya watu wanaoaminiana kweli.

Kabla ya kuomba kadi yoyote, angalia ripoti zako zote tatu katika tovuti ya AnnualCreditReport.com, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kuangalia kila wiki. Kwa watu wenye majina yetu kosa la kuchanganywa na mtu mwingine si jambo la ajabu. Mohamed huandikwa kwa namna nyingi, na jina la babu linaweza kugeuka jina la ukoo katika hati moja na kupotea katika nyingine. Ukiona akaunti usiyoijua, pinga kwa maandishi mapema, kwa sababu kurekebisha kunaweza kuchukua wiki kadhaa.

Anza na uwanja utakaoshuka

Sasa chukua kalamu uandike uwanja wa ndege wa nyumbani. Usiandike nchi, andika uwanja: Jomo Kenyatta, Moi wa Mombasa, Julius Nyerere, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe, Kigali, Bujumbura, Lubumbashi. Kisha andika mashirika ambayo umewahi kuyatumia au ambayo ndugu zako huyatumia kufika hapo. Orodha hiyo ndiyo itakayochagua kadi.

Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja kati ya New York na Nairobi tangu tarehe 28 Oktoba 2018, nayo imo katika muungano wa SkyTeam pamoja na Air France, KLM na Delta. Maili, yaani pointi za shirika la ndege, za Flying Blue, ambao ni mpango wa Air France na KLM, zinaweza kukupatia kiti katika ndege za Kenya Airways, na pia katika ndege za KLM zinazopita Amsterdam kwenda Kilimanjaro na Dar es Salaam. Flying Blue ina sifa moja kubwa kwa mwanafunzi wa mambo haya: inapokea pointi kutoka karibu benki zote kubwa za Marekani zenye mpango wa pointi, yaani Chase, American Express, Capital One na Citi.

Ethiopian Airlines imo katika muungano mwingine, Star Alliance, tangu Desemba 2011, na kutoka Addis Ababa inafika karibu kila mji ambao msomaji wa makala hii ana ndugu. Kwa Warundi na kwa watu wa Kongo ya mashariki na kusini, hii mara nyingi ndiyo njia ya kwanza, na Brussels Airlines, ambayo nayo imo Star Alliance, ndiyo ya pili. Kiti katika ndege za Ethiopian unaweza kukipata kwa pointi za Aeroplan, mpango wa Air Canada, au kwa maili za United. Aeroplan ninaipendelea zaidi kwa sababu haitozi ada ya mafuta katika ndege za washirika wake, ila ada ndogo ya kukata tiketi. Aeroplan inapokea pointi za Chase, American Express na Capital One. Turkish Airlines pia imo katika muungano huohuo na inapitia Istanbul kwenda miji mingi ya kwetu.

Qatar Airways inatumia pointi za ndege ziitwazo Avios tangu mwaka 2022, na Avios hizo zinaweza kuhamishwa kati yake na British Airways. Kwa hiyo pointi za Chase au American Express zilizopelekwa British Airways zinaweza kuishia katika ndege ya Doha kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar. Tahadhari yangu hapa ni kwamba kiti cha British Airways yenyewe, kinachopita London, kinaweza kuja na ada za mamia ya dola juu ya pointi ulizotoa, hata mtu akajiuliza amenufaika na nini.

Sasa angalia ile fomu ya ndani ya ndege. Delta, United na American hazina ndege zao wenyewe zinazotua Nairobi wala Dar es Salaam. Maili zake zinaweza kukufikisha kupitia washirika, lakini ukichukua kadi ya shirika moja umejifunga na shirika hilo na bei litakayoipanga. Kadi ya benki, ambayo pointi zake zinaweza kuhamishwa kwenda mashirika mengi, inakuachia uamuzi hadi siku utakayoona kiti. Kwa mtu ambaye safari yake kubwa ni ya kwenda nyumbani, kadi ya kwanza iwe ya benki. Hilo nalisema bila kusita.

Kadi zenyewe

Kwa anayeanza, mjadala hurudi kwenye kadi mbili, zote zikiwa na ada ya dola 95 kwa mwaka na zote zikiwa hazitozi ada kwa manunuzi ya nje ya Marekani: Chase Sapphire Preferred na Capital One Venture.

Sapphire Preferred inatoa pointi 3 kwa kila dola unayotumia mgahawani, 2 kwa safari za kawaida, na 1 kwa vitu vingine vingi. Pointi zake zinakwenda Flying Blue, Aeroplan, United na British Airways, pointi moja kwa pointi moja, bila kupungua. Ina pia bima ya safari ambayo ni nzuri kwa bei hiyo: ndege ikichelewa zaidi ya saa 12, au ikikulazimu kulala njiani, unarudishiwa gharama za chakula na hoteli hadi dola 500 kwa kila tiketi, ilimradi tiketi ililipiwa kwa kadi hiyo na ulitunza risiti. Aliyewahi kukosa ndege ya kuunganisha akiwa na watoto wawili Amsterdam anajua thamani ya jambo hilo.

Venture ni rahisi zaidi kuieleza: maili 2 kwa kila dola, popote, kwa kitu chochote. Nayo inahamisha kwenda Flying Blue, Aeroplan na Turkish. Zaidi ya hayo, kama umekata tiketi ya kawaida kwa kadi hiyo, unaweza kutumia maili kufuta gharama hiyo kwa senti moja kwa kila maili. Kwa mtu ambaye hana muda wa kukaa usiku akitafuta viti, njia hiyo ni ya uhakika. Udhaifu wake ni kwamba Capital One inapochunguza ombi lako huwa inaangalia kampuni zote tatu za taarifa za mikopo, na ukaguzi huo unabaki katika ripoti zako kwa miaka 2.

Ushauri wangu kwa mwenye alama za kutosha ni kuanza na Chase, na sababu ni ya mpangilio. Benki hiyo kwa kawaida inamkataa mtu aliyefungua kadi 5 au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24. Ukianza kwingine unaweza kujifungia mlango. Ukianza na Chase, milango mingine inabaki wazi. Lakini anayefanya ununuzi wake mwingi dukani na kwenye kituo cha mafuta, na anayekula nyumbani siku zote, anaweza kupata zaidi kwa ile Venture ya maili 2 kila mahali. Fungua stetimenti zako za benki za miezi 3 iliyopita, ukokotoe unatumia nini na wapi. Dakika 20 za kazi hiyo zinakufaa kuliko ushauri wa mtu yeyote, ukiwemo wangu.

Asiyetaka kulipa ada ya mwaka anaweza kuchukua VentureOne, inayotoa maili 1.25 kwa dola na kuhamisha kwa mashirika yaleyale. American Express ina kadi nzuri, lakini kwenye maduka mengi ya mitaani kwetu haipokelewi, na kwa kawaida kila kadi yake inakupa bonasi ya mteja mpya mara moja tu katika maisha, kwa hiyo ni vyema usubiri bonasi iwe kubwa. Kadi za fahari zenye ada ya mamia ya dola ziache kwanza. Vyumba vya kupumzikia uwanjani ni vizuri, lakini havimfikishi mtoto kwa bibi yake.

Bonasi na namna ya kuifikia

Pointi nyingi hazitoki katika manunuzi ya kila siku. Zinatoka katika bonasi ya mteja mpya, ambayo kwa kadi hizi mbili mara nyingi huwa kati ya pointi 60,000 na 75,000, kwa sharti la kutumia dola 4,000 au 5,000 ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Bonasi moja mara nyingi inatosha tiketi ya upande mmoja katika daraja la kawaida, au inakaribia. Usiahidi familia nzima safari kwa kadi moja. Panga tiketi moja au mbili kwa pointi, nyingine kwa fedha, au mume na mke wapeane nafasi: mmoja achukue kadi sasa, mwingine baada ya miezi 6, kila mmoja kwa jina lake na bonasi yake.

Dola 4,000 ni nyingi, na hapa ndipo watu huanguka, wakanunua televisheni wasiyoihitaji ili kufikia kiasi. Omba kadi wakati gharama kubwa ambayo ungeilipa hata hivyo imekaribia. Bima ya gari ya miezi 6 inalipika kwa kadi. Matairi ya majira ya baridi, ada ya chuo ikiwa chuo hakitozi nyongeza, vifaa vya mtoto anayetarajiwa. Ukiwa mtunza hazina wa jumuiya na unanunua chakula cha Idi, Krismasi au matanga, lipa kwa kadi yako baada ya michango kukusanywa na kuingia katika akaunti, usilipe kwa ahadi. Kumbuka pia kwamba maduka ya Costco hapa Marekani yanapokea kadi za mkopo za Visa tu, kwa hiyo Venture, kama yako ni ya Mastercard, itakataliwa pale penye gari lililojaa mchele na mafuta. Kodi ya nyumba kwa kadi mara nyingi inaongezewa asilimia 3 hivi. Ni ghali, na mimi ningeitumia tu kama zimebaki dola mia chache kufikia sharti.

Wakati wa kuomba, tumia kwanza ukurasa wa benki unaoonyesha kama utakubaliwa bila kugusa alama zako. Katika sehemu ya kipato, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anaruhusiwa kuandika hata kipato cha mwenzi wake ambacho anaweza kukitumia kihalali, jambo ambalo akina mama wengi wanaolea watoto nyumbani hawalijui. Andika kweli tupu. Kadi ikifika, siku hiyohiyo weka malipo ya kiotomatiki ya deni lote, si ya kiasi cha chini, kisha andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya bonasi, ukihesabu tangu siku ya kukubaliwa na si siku kadi ilipofika kwa posta.

Kutumia pointi, na kadi ukiwa nyumbani

Pointi zikikaa katika benki hazipotei maadamu akaunti iko wazi. Zikihamishwa kwenda shirika la ndege hazirudi tena, na huko zinaweza kuisha muda. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: fungua akaunti ya bure ya Flying Blue au Aeroplan, tafuta kiti, kione kwa macho yako kikiwa na tarehe na bei, hakikisha kwenye tovuti ya benki kwamba uhamisho bado unakubaliwa, ndipo uhamishe. Viti vya Desemba na vya likizo ya Juni na Julai tafuta miezi 10 au 11 kabla, au uwe tayari kuondoka Jumanne ya mwisho wa Januari.

Ili ujue kama bei ni nzuri, toa kodi utakazolipa katika bei ya tiketi ya fedha taslimu, kisha gawanya kwa idadi ya pointi. Tiketi ya dola 1,300 inayopatikana kwa pointi 60,000 na kodi ya dola 100 inakupa senti 2 kwa kila pointi, na hiyo ni nzuri. Ikikupa chini ya senti moja, nunua kwa fedha na uweke pointi zako.

Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, mashine ya dukani inaweza kukuuliza kama ulipe kwa dola au kwa shilingi. Muuzaji atakushauri dola kwa nia njema. Chagua shilingi, kwa sababu ukichagua dola unabadilishiwa kwa bei ya mashine, na bei hiyo ni mbaya. Hoteli nyingine, hasa Zanzibar, huongeza asilimia kadhaa kwa anayelipa kwa kadi, kwa hiyo uliza kabla. Fedha taslimu toa kwa kadi ya akaunti yako ya kawaida. Na kabla hujaondoka Marekani, hakikisha programu ya benki inaweza kukuthibitisha bila ujumbe wa simu, kwa maana nambari yako ya Marekani ikizimika Tabora, ile namba ya siri ya muda haitakufikia na kadi itabaki kipande cha plastiki.

Mwezi wa 12 ukikaribia, ada ya dola 95 itarudi. Jumlisha ulichopata katika mwaka bila bonasi. Ikiwa hakizidi ada, piga simu nambari iliyo nyuma ya kadi, uombe kubadilishiwa kwenda kadi isiyo na ada ya benki hiyohiyo badala ya kuifunga. Kabla ya kubadilisha hamisha pointi zako kama tayari una kiti, kwa sababu kadi ya chini huenda isiruhusu uhamisho. Kwa Chase, kadi ya Freedom Unlimited inafaa kwa kazi hiyo: tarehe ya kufunguliwa akaunti inabaki ileile, historia yako inaendelea kukua, na pointi 1.5 kwa dola zinaendelea kuingia, ila hii ina ada ya asilimia 3 nje ya nchi, basi iache nyumbani utakaposafiri.